Dada, kiwanja nimekitaja

Houston, Texas

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na mwambie mshono umepona vizuri. Tangu mwezi uliopita nimerudi kazini.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Najua ulisema kwa kunihurumia: "Kiwanja chako cha huku kiandike jina langu au la mama kabla hao wanaokudai hawajakiona." Nilikawia kukujibu kwa kuwa nilitaka kwanza nitoke kwenye kikao cha kesi yangu ya kufilisika. Nimetoka jana, na kiwanja nimekitaja.

Kikao kilikuwa cha video. Mimi nilikaa mezani jikoni, wakili wangu akiwa ofisini kwake. Anayeuliza ni mfilisi, mtu anayewekwa kusimamia mali ya aliyefilisika kwa niaba ya wanaomdai. Aliniambia ninyanyue mkono wa kulia niape, kisha nionyeshe kitambulisho. Maswali yalikuwa mepesi mpaka akafika hapa: "Una ardhi au nyumba nje ya Marekani?" Fomu ya kesi, ile ya kuorodhesha mali, ilikuwa mbele yangu, na ule mstari nilioujaza usiku ule nilioshindwa kulala nikauona. Koo lilinikauka. Nikajibu, "Ninayo." Akaandika, akaendelea na swali jingine.

Sheria ya huku inahesabu mali yote ya aliyefilisika, popote ilipo duniani. Aliyehamisha mali kwa nia ya kuificha, ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi, anaweza kunyimwa msamaha wa madeni. Na kuficha mali ukiwa umeapa ni jinai, kifungo chake kinafika miaka 5. Sasa nirudi kwenye madeni yale yale ya hospitali na kadi za mkopo, tena na kesi ya jinai juu yake, kwa ajili ya kiwanja ambacho hata msingi hatujachimba? Na wewe ambaye jina lako lingekuwa kwenye hati ungeingizwa humo humo. Hilo ndilo lililonifanya nikatae kabisa.

Hata hela nilizomtumia mama zimeandikwa. Fomu inataka kila zawadi inayozidi jumla ya dola 600 kwa mtu mmoja ndani ya miaka 2. Nimeandika jina lake na kiasi nilichotuma. Mfilisi hakuuliza zaidi, kwa hiyo usimtie mama wasiwasi.

Nyumba tunayoishi ni habari nyingine, na hapa Texas tuna bahati. Sheria ya jimbo inailinda nyumba ya familia dhidi ya wadai wa kawaida bila kujali thamani yake, mradi kiwanja chake mjini kisizidi ekari 10. Kuna kikomo cha thamani inayolindwa kwa waliomiliki nyumba chini ya siku 1,215, lakini sisi tumeshapita miaka 6. Ila kinga hiyo haiigusi benki yenye rehani. Kufilisika kunafuta deni langu binafsi, dhamana ya benki juu ya nyumba inabaki pale pale. Nikiacha kulipa, nyumba inakwenda.

Kinachoninyima usingizi ni bima. Watu wengi wanadhani kufilisika kunaishia mahakamani. Jimbo hili linaruhusu kampuni za bima kutazama historia yako ya mikopo zinapopanga bei, ya gari na ya nyumba. Juzi imekuja barua ya kuhuisha bima ya nyumba na bei imepanda. Mkataba wa rehani unadai nyumba iwe na bima wakati wote. Nikishindwa kuilipia, benki inanunua bima yenyewe na kunitoza mimi, na bima ya namna hiyo huwa ghali zaidi, tena inalinda jengo tu, vyombo vyetu hapana. Unaona mnyororo ulivyo: alama za mikopo, zile za kupima unavyolipa madeni, zikishuka bima inapanda, na bima ikikatika nyumba ndiyo inayoyumba.

Lakini nimepata mlango mmoja. Kampuni haitakiwi kumkataa mtu kwa sababu ya historia ya mikopo peke yake, na aliyeharibikiwa kwa ugonjwa mkubwa, kufiwa na mwenzi, talaka au kupoteza kazi anaweza kuandika barua akaomba afikiriwe tofauti. Nimeandika jana hiyo hiyo jioni, nikaambatisha cheti cha hospitali cha upasuaji. Nasubiri jibu.

Mikopo yenyewe ni ya kuvumilia. Rekodi ya kufilisika inakaa kwenye historia ya mikopo hadi miaka 10 tangu siku ya kufungua kesi. Nikitaka rehani mpya, ile inayodhaminiwa na serikali kwa kawaida hungoja miaka 2 tangu kusamehewa, na ya kawaida miaka 4. Kwa hiyo ile nyumba yenye chumba cha mama, Dada, tuiweke pembeni kwanza.

Jambo jingine, nalisema kwa shida. Mtu akifariki ndani ya siku 180 tangu nilipofungua kesi, nami nikawa mrithi wake au nimeandikwa kwenye bima yake ya maisha, fungu hilo linaingia kwenye hesabu ya mfilisi. Mungu atuepushie. Nakuambia ili kaka zetu wasije wakagawana kitu kimya kimya wakidhani wananisaidia.

Kuhusu kiwanja, wakili anasema kuna njia tatu. Mfilisi anaweza kukiuza, anaweza kukubali nilipe thamani yake kidogo kidogo nibaki nacho, au anaweza kukiachia akiona gharama za kukiuza kwa mbali zinazidi faida. Ili tuombe ile ya pili au ya tatu, tunahitaji thamani ya kweli. Naomba unipigie picha hati na mkataba wa mauziano, kurasa zote pamoja na sahihi za mashahidi, na umtafute mthamini aliyesajiliwa aandike bei ya leo. Asipunguze, asiongeze. Zinatakiwa kabla ya wiki mbili kuisha. Gharama ya mthamini nitaituma Ijumaa nikipokea mshahara.

Mdogo wako akupendaye