Barua kwa Mwanaidi: gharama ya nani?

Magomeni, Bagamoyo

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Habari za Tanga, mama hajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua imetufungia ndani na barabara ya kwenda Kiwangwa ni matope matupu.

Hongera kwa kukabidhiwa uratibu wa ule utafiti wa kupima gharama na faida za tiba ya presha huko Pangani na Muheza. Umeniuliza uanzie wapi. Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kwenda kujitambulisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, hayo utayaweza, ni kufuatilia tu na kutembea na nakala zenye muhuri. Kinachozikwamisha tafiti hizi ni swali ambalo wakubwa wa mradi hupenda kulisukuma mbele: tunahesabu gharama ya nani? Ya kituo peke yake, au ya kituo pamoja na mgonjwa na nyumba yake? Wabane walijibu kabla hujamwajiri mdodosaji hata mmoja.

Sisi, kama unavyojua, tunalinganisha mgonjwa wa presha kuchukua dawa hospitali na kuchukua zahanati ya jirani. Tulipopitia vitabu vya vituo, mishahara, dawa, umeme, vipimo, kuna kituo kimoja kilitoka cha bei rahisi kupita vyote. Kijana wetu wa takwimu alishaanza kukisifia. Muuguzi wa pale akacheka: "Miezi mliyochukua ninyi dawa zilikuwa zimeisha. Tulikuwa tunawaandikia karatasi, wanakwenda kununua famasi." Umeona, shoga? Kituo kimekuwa rahisi kwa sababu hakina dawa! Gharama haikupungua hata shilingi, imehamia kwenye kibindo cha mgonjwa, na daftari la kituo halina safu ya kibindo. Mpanga bajeti akiisoma ripoti ya namna hiyo atasema wengine wakaige pale.

Kwa hiyo tukawa tunamuuliza mgonjwa mwenyewe. Hapo napo kuna kazi. Bibi mmoja wa Kiwangwa aliulizwa nauli, akajibu hajalipa kitu, mdodosaji akaandika sifuri akataka kuendelea na swali la pili. Nilikuwa nimekaa pembeni nasikiliza, nikamuuliza, "Bibi, umekujaje?" Kaletwa na mwanawe kwa bodaboda, na mwanawe yuko nje chini ya mwarobaini anamsubiri tangu asubuhi. Hiyo bodaboda ndiyo riziki yake kijana! Sifuri ile ilikuwa kipato cha nusu siku. Tangu hapo dodoso letu linauliza nani kakusindikiza, angekuwa anafanya nini saa hizi, na kwa kawaida anapata kiasi gani. Kwenu Pangani ongeza kivuko: mgonjwa wa Bweni anayevuka mto kuja mjini anapoteza muda mwingi kusubiri kuliko muda wa kumwona daktari.

Vifaa vya msaada navyo vitawatega. Mashine ikiletwa na mfadhili, mhasibu ataiandika bure. Itafute bei yake sokoni, uigawe kwa miaka inayotarajiwa kufanya kazi, maana ikifa wilaya ndiyo itakayonunua nyingine.

Upande wa matokeo, sisi tunatumia dodoso la EQ-5D la Kiswahili, linalomuuliza mtu hali ya afya yake kwa mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mwishoni kuna kipimo kama cha joto, kutoka 0 hadi 100, mtu aonyeshe afya yake leo. Mzee mmoja, mguu mmoja anauburuza tangu apate kiharusi, akaweka kidole 99. Mia, anasema, ni ya Mwenyezi Mungu. Wadodosaji wasibishane na watu wa namna hii wala wasiwasahihishie, waandike walichoambiwa. Watu wa pwani wengi wataona kulalamikia afya ni kukufuru, na hilo mlijue mapema mnapopanga kusoma majibu.

Kisha Profesa atakuja na kizingiti, yaani kiwango cha gharama ambacho tiba ikikivuka huhesabiwa ni ghali mno. Uingereza, taasisi yao ya NICE, inayoamua tiba zipi zinastahili kulipiwa na huduma ya afya ya umma, iliyoanzishwa 1999, kwa miaka mingi ilikuwa ikipima dawa kwa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya kamili unaopatikana. Kwa nchi kama zetu ilizoeleka kusema tiba inafaa ikiwa kuokoa mwaka mmoja wa namna hiyo kunagharimu chini ya mara 3 ya pato la taifa kwa kila mtu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wenyewe waliandika mwaka 2016 kwamba kipimo hicho kisitumike peke yake, nami naona walichelewa. Kwa kizingiti kile karibu kila tiba inapita, na halmashauri haina fedha ya kila tiba. Bora muwaonyeshe fedha hizohizo zikienda kwingine zingeleta nini.

Fedha za chuo zitachelewa, hilo usiumie kichwa nalo. Ila usifanye mafunzo ya wadodosaji kabla posho haijaingia kwenye akaunti, vijana wazuri hawasubiri. Na risiti za masurufu zikusanye palepale kijijini, kwa karani wa fedha maneno matupu hayasaidii.

Nitumie dodoso lako kwa WhatsApp kabla hujalipeleka kamati ya maadili. Likishapita, kila swali utakalotaka kuongeza litabidi liombewe kibali upya, na swali la msindikizaji ndilo watu husahau.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako,
Zaina