Risala ya wanachuo wa uuguzi na ukunga kwa mgeni rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, mamatroni mliotoka zamu mkaja hivyo hivyo, wanachuo wenzetu, habari za mchana. Karibu sana mheshimiwa, jua ni kali kwahiyo hatutasoma kurasa kumi kama mwaka jana.

Tumeambiwa tuongelee utafiti wa uuguzi unaelekea wapi, na kwa kifupi unarudi wodini. Wengi tulizoea kwamba utafiti ni dodoso, unazunguka na makaratasi kuuliza watu wana uelewa gani alafu ripoti inalala kabatini, na kusema ukweli risechi zetu nyingi za kumalizia chuo bado ziko hivyo. Siku hizi swali limekuwa, nesi akibadilisha anachofanya pale kitandani, mgonjwa anapona zaidi au la?

Chukua E-MOTIVE, utafiti wa mama kuvuja damu baada ya kujifungua, matokeo yalitoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, akina mama zaidi ya 200,000. Aliyepita leba anajua tunavyokadiria damu kwa macho, unaangalia shuka, unaangalia pedi, unaandika "mils 200" na mama bado anavuja. Wao waliweka chini ya mama plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, damu ikifika kiwango mkunga hasubiri, anasugua mji wa mimba, anatoa dawa ya kuukaza na ya kuzuia kuvuja, drip, anamchunguza, vyote kwa mpigo badala ya kujaribu kimoja usikilizie. Kuvuja damu sana, kupasuliwa au kufa kwa sababu hiyo kulipungua kwa asilimia 60. Plastiki tu mheshimiwa, na utaratibu!

Na 2021 utafiti wa malezi ya kangaruu, yaani mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, Tanzania tukiwemo, ulionyesha njiti akiwekwa kifuani kwa mama mapema bila kusubiri atulie kwanza, vifo vinapungua kwa robo hivi, mpaka wakausimamisha kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana.

Kuna hili lingine wakubwa huwa hawalipendi. Mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake kule Marekani walionyesha 2002 kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Sisi fildi tunakuta nesi mmoja usiku na wodi nzima, wengine wamelala chini, sasa hesabu hiyo hapa nani ataifanya kama sio sisi?

Ndio maana tunaomba, manesi wasiishie kujaza fomu za tafiti za watu wengine, wapewe masaa ndani ya zamu na majina yao yaandikwe kwenye kazi. Chuo kipate intaneti ya uhakika maana tunasoma majarida kwa bando letu. Na utafiti ukiisha, matokeo yasomwe kwenye ripoti ya asubuhi wodi ile ile ilikofanyika, kabla hata ya semina za hotelini.

Tunaomba kuwasilisha.