Salamu za shukrani: kwa waliotuuguzia baba na kutuambia ukweli

Bismillahi. Sisi mjane, watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu mzee wetu, fundi seremala wa Keko na mkazi wa Mtoni kwa Azizi Ali, Dar es Salaam, tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliokuwa nasi tangu baba alipoanza kuugua hadi tulipomsitiri katika makaburi ya Kisutu, Ijumaa baada ya swala. Jina lake hatuliandiki hapa kwa kuwa maisha yake yote hakupenda kutajwatajwa. Wanaomjua wanamjua.

Tunawashukuru imamu na waumini wa msikiti wetu, majirani wa mtaa mzima, kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana walioshika jiko siku zote za tanga, mafundi wenzake wa Keko waliofunga vibanda ili waje kumzika, na vijana waliokwenda kutoa damu bila kuombwa mara ya pili. Wapo pia waliochangia gharama za hospitali, wengine kwa kiasi ambacho tunajua kiliwabana. Mola awalipe, sisi hatuna cha kuwalipa.

Katika salamu kama hizi madaktari na wauguzi hupewa mstari mmoja mwishoni. Safari hii familia tumekubaliana wapewe nafasi kubwa, na mimi mtoto wa tatu ndiye niliyepewa kazi ya kuandika.

Baba alianza na kikohozi na homa, ikaja kuonekana ni nimonia. Hospitali tuliyoanzia hatuitaji, wala hatuandiki haya kumshitaki mtu. Tulikaa kwenye benchi la korido, mlango ukifunguliwa tunasimama wote, anayetoka anapita haraka. Ukiuliza unaambiwa umsubiri daktari. Daktari anapofika, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Jibu lilikuwa lile lile: anaendelea na matibabu. Tukabaki kujijazia wenyewe. Mmoja akasema mzee ana mkono wa mtu, mwingine kasikia kwamba mashine ya kupumulia ndiyo inayomaliza watu, tusikubali awekwe. Mama akaacha kula. Mtu asipoelezwa hali ya mgonjwa wake hakai bila maelezo, anajitafutia ya kwake, na mara nyingi anayoyapata yanatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Kisha baba akahamishiwa hospitali nyingine, moja kwa moja ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Kabla hatujaingia kumwona, sista mmoja alituita pembeni, akatuambia tutakachokikuta. Baba ana mpira mdomoni unaoshuka hadi kwenye njia ya hewa, umeunganishwa na mashine inayomsukumia hewa kwenye mapafu. Kwa kuwa mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, hataweza kusema hata akifumbua macho. Amepewa dawa ya usingizi ili asishindane na mashine. Uso na mikono vimevimba kwa maji, msidhani amepigwa. Viganja vimefungwa kitandani kwa bendeji laini, kwa sababu mgonjwa akizinduka kidogo tu hunyoosha mkono akaung'oa mpira, na hiyo inaweza kumuua. Chakula anapata kwa mrija mwembamba wa puani, kwa hiyo uji wa mama usubiri kwanza.

Alisema yote hayo taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, akimtazama mama. Tuliponawa mikono na kuingia wawili wawili, tulikuta ni vile vile alivyosema. Mama alituambia baadaye kwamba kama asingeambiwa mapema habari ya mikono, angepiga ukunga wodi nzima isikie.

Siku ya pili kengele ya mashine ililia dada yetu akiwa pembeni ya kitanda. Akapiga kelele akijua roho imetoka. Sista hakumfukuza wala hakumkaripia. Alimwonyesha kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, kilikuwa kimechomoka. Akakirudisha, namba ikapanda hadi 91, kengele ikanyamaza. Akamwelekeza namba ipi ni ya oksijeni, ipi ya mapigo ya moyo, ipi ya presha, na akamsihi asishinde ameikodolea macho skrini, amtazame baba yake.

Jambo jingine ambalo halitatutoka: walikuwa wanaongea naye. Baba yuko kwenye usingizi wa dawa, hajibu chochote, lakini sista anaanza na "Shikamoo mzee," kisha, "nakugeuza upande wa kulia sasa, usiogope." Nasi wakatuambia tuongee naye, kwa sababu hakuna mwenye uhakika mgonjwa wa namna hiyo anasikia kiasi gani. Mjukuu wake anayejifunzia kazi kwenye kibanda chake akawa kila akiingia anamsimulia kitanda cha mninga walichokiacha nusu, mbao ipi imekubali randa na ipi imepinda.

Ndugu tulikuwa wengi, na wengine walitoka Utete na Tanga. Kila mmoja alikuwa na nesi wake wa kumkamata mlangoni. Kwenye kundi la WhatsApp la familia asubuhi mtu anaandika mzee kaamka, mchana mwingine anaandika figo zimekufa, na wote wamesikia hospitali. Daktari aliyekuwa na baba ndiye aliyetuomba tuchague msemaji mmoja. Kwa umri nafasi hiyo ilikuwa ya baba mdogo, na tunamshukuru mbele ya watu wote kwa alivyoiachia. Alisema kaka yetu mkubwa ndiye mwenye subira ya kuandika, yeye atakaa naye tu. Basi kila alasiri, baada ya raundi, daktari alikuwa anakuja kwa kaka, naye na daftari lake la maswali. Siku ambayo hapakuwa na jipya alikuja vile vile kusema hakuna jipya. Jioni kaka anarekodi sauti na kuituma kwenye kundi, na hapo ndipo ndugu walipoanza kulala.

Hali ilipobadilika, hawakutuambia kwenye korido. Tulipelekwa chumba kidogo chenye viti na mlango. Daktari alikaa, sista wa zamu akakaa, simu zao wakazizima. Swali la kwanza halikuwa la ugonjwa. Aliuliza, "Hebu nielezeni, mzee alikuwa mtu wa namna gani?" Tulizungumza muda mrefu, hata kucheka tukacheka. Mama akasema ni mtu asiyeweza kukaa bila kushika kitu mkononi. Ndipo daktari akauliza sisi wenyewe tunaielewaje hali yake hadi leo. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasahihisha mawili matatu.

Kisha akasema. Mapafu hayakubali tena hata mashine ikisukuma kwa nguvu zote. Figo zimesimama. Dawa za kupandisha presha zimefika kiwango cha juu na presha bado inashuka. "Ninahofia baba yenu atafariki, na huenda ikawa ndani ya siku chache." Hakuzunguka, wala hakukimbilia kusema jambo jingine. Alinyamaza nasi. Sista alimsogezea mama maji.

Baba mdogo aliuliza habari ya kumpeleka India. Alijibiwa kwa heshima kwamba kwa hali ile hata kumtoa kitandani kumpandisha kwenye gari kungeweza kukatisha uhai wake, na kwamba huko angekuta mashine na dawa za aina hiyo hiyo. Tukaulizwa, moyo ukisimama, mzee mwenyewe angependa akandamizwe kifua, ilhali hakuna tiba iliyobaki ya kumrudisha? Hapo kaka alishindwa kusema. Daktari akasema neno lililotutua mzigo: "Hatuwaombi ninyi muamue baba yenu aishi au afe. Hilo si lenu, wala si langu. Ninyi niambieni yeye angesemaje, uzito wa uamuzi wa kitabibu tutaubeba sisi." Akatupa usiku mzima tukazungumze na imamu. Tulipomrudishia jibu, alitushukuru na kutuahidi kwamba baba hatapata maumivu wala kutapia hewa. Ahadi hiyo aliitimiza.

Mpwa wetu anayesomea uuguzi alitueleza wakati wa tanga kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 madaktari wa Ufaransa walichapisha utafiti uliofanyika katika ICU 22, wakiwahusisha ndugu wa wagonjwa 126 waliokuwa wanakaribia kufa. Baadhi ya familia zilipata mazungumzo ya kawaida, nyingine zikapata kikao kilichoandaliwa, ambacho daktari alitakiwa asikilize, amuulize ndugu kuhusu mgonjwa kama mtu, na zikapewa kijitabu cha maelezo juu ya msiba. Vikao vya kundi la pili vilikuwa vya dakika 30 hivi, vile vya kawaida 20. Tofauti ilikuwa katika nani aliyekuwa anasema: ndugu walizungumza dakika 14 kwenye vikao vilivyoandaliwa, 5 kwenye vile vya kawaida. Baada ya siku 90, waliopewa nafasi ya kuzungumza walikuwa na wasiwasi, sonona na kiwewe pungufu kuliko wenzao. Niliposikia hizo dakika kumi zilizoongezeka nilimtazama mama. Analia, ndiyo, lakini analala, anakula, na anasimulia kifo cha mumewe bila kujiuliza alifichwa nini.

Kwa hiyo tunaomba, kwa adabu zote, wakuu wa hospitali wanaosoma hapa: watengeeni madaktari wenu chumba cha kukaa na ndugu, hata kiwe kidogo, na saa inayojulikana. Wauguzi wa ICU wana kazi nyingi mno, tumeiona kwa macho, na hatusemi waongezewe mzigo. Tunasema kuzungumza na familia kuhesabiwe ndani ya kazi yao. Na ninyi wenye wagonjwa huko ndani leo, chagueni mtu mmoja, andikeni maswali yenu, na msione haya kusema "hapo sijaelewa, nirudie."

Usiku wa kuamkia Ijumaa simu ya kaka ililia. Sista alipiga kabla, hakusubiri yatokee: "Mje sasa, ila njiani msiendeshe kwa haraka." Utaratibu wa kuingia wawili wawili ukawekwa kando. Mpira na mashine havikutolewa, lakini kengele zilizimwa, bendeji za mikono zikafunguliwa, na mama akaushika mkono wa kulia. Baba mdogo alimlakinia shahada sikioni, shangazi akasoma Yasin. Alfajiri roho ikatoka. Sista yule yule alimfumba macho, akasema, "Mzee, tumekuaga." Hakutuharakisha.

Dada zetu wauguzi, madaktari, watu wa usafi mliokuwa mnatusalimia kila asubuhi, walinzi wa getini, hatuwataji kwa majina kwa kuwa hamkutupa ruhusa, lakini kila mmoja wenu atajijua. Mwenyezi Mungu awape afya na awahifadhie wazazi wenu.

Yeyote anayemdai marehemu, au aliyetanguliza malipo ya samani ambazo hazijakamilika, tafadhali afike nyumbani amwone kaka mkubwa. Kazi zote zilizoachwa kwenye kibanda zitamaliziwa na mafundi wenzake, na kitanda cha mninga kimeshachukuliwa na mwenyewe. Dua ya arobaini itasomwa nyumbani Mtoni baada ya swala ya Alasiri, siku itatangazwa msikitini. Wote mnakaribishwa.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.