Tuache kuwarushia nyani chakula Mikumi

Mhariri, naomba nafasi kidogo, hili jambo linaniuma sana.

Mwezi uliopita tulichanga kifamilia tukakodi Noah hapa Morogoro tukaenda Mikumi, mama naye tukambeba. Mama amepita pale kwa basi miaka nenda rudi akienda Iringa, ila kuingia ndani ndo ilikua mara yake ya kwanza. Kwenye uwanda wa Mkata tukakuta nyumbu na pundamilia wamechanganyika, alafu tembo akakatiza mbele yetu na kitoto chake kimejibana chini ya tumbo, mama akawa ananong'ona utadhani yuko msikitini. Bwawani kwa viboko ndo aligoma kabisa kuondoka!

Sasa tunarudi, barabara kuu ile inayopita katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, mbele yetu kuna basi limepunguza mwendo, abiria wamefungua madirisha wanarusha ndizi, magunzi ya mahindi, mpaka chupa za soda. Nyani jike mwenye mtoto mgongoni akachomoka kufuata kipande cha andazi, lori linakuja upande wa pili, tairi zililia jamani, mama akafumba macho. Alinusurika. Mbele kidogo tukakuta mwingine keshagongwa, tai wako juu yake.

Nyani hawana njaa ndugu zangu, mle ndani wana matunda, mbegu, mizizi, wadudu. Tukiwazoesha kurushiwa wanahamia barabarani na watoto wao wanajifunza hayohayo, akigongwa mmoja mzoga unaita tai na fisi, nao wanagongwa palepale. Vibao vya spidi 70 mchana na 50 usiku vipo na faini ya kugonga mnyama ipo, ila dereva hata akienda taratibu atafanyaje nyani akirukia tairi kwa sababu ya andazi la abiria?

Naomba makondakta, kama mnavotukumbusha mikanda, mkikaribia hifadhi semeni pia madirisha yafungwe na hakuna kurusha kitu. Na wazazi, mtoto akitaka kuona nyani akila mpelekeni ndani, sisi Watanzania kiingilio tunalipa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na wageni. Mama yangu keshaanza kuulizia tunarudi lini.

Msomaji wenu,
Morogoro