Barua kwa Mwanangu Aliyekuwa Macho Usiku

Mwanangu mpendwa,

Riwaya uliyoniachia nimeisoma hadi mwisho, ingawa mara nyingi niliiweka chini, kwa sababu familia ile na mtoto wao mgonjwa ilinirudisha katika miaka ya utoto wa mdogo wako. Mwandishi anaijua vizuri hofu ya mzazi. Lakini aliyenifanya nishike kalamu ni yule dada mkubwa, ambaye tangu mwanzo hadi mwisho anapita tu akibeba maji na kufunga milango, na hakuna anayemuuliza ameamkaje.

Ulikuwa na miaka 8 tulipoambiwa kwamba mdogo wako ana selimundu. Daktari alitueleza kwamba mimi na baba yako, wazima kama tulivyokuwa, kila mmoja alibeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, na kwamba kila nilipopata mimba uwezekano wa mtoto kurithi vyote viwili ulikuwa 1 kati ya 4. Alisema pia kwamba chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi, kwake zingevunjika baada ya siku 10 hadi 20, na kwamba zikijipinda mfano wa mundu zingeziba mishipa midogo na kumtesa kwa maumivu. Maelezo hayo niliyageuza kuwa kazi za nyumbani, nawe nikakupa fungu lako: kumnywesha maji, kumfunika baridi ilipoingia, kumpa penisilini asubuhi na jioni mpaka alipotimiza miaka 5.

Usiku mmoja niliamka nikakukuta umepiga magoti kando ya kitanda chake, vidole umevipasha joto kwapani ili asishtuke, ukibonyeza taratibu chini ya mbavu zake za kushoto, kama ulivyoniona nikifanya nilipotaka kujua kama bandama imevimba. Ukaninong'oneza, "Haijavimba, mama. Rudi ulale." Nami nikarudi kulala! Nilijisifu kwamba nimelea mtoto mwenye huruma, nisione kwamba mtoto wa miaka 9 alikuwa macho saa nane za usiku akilinda uhai wa mwenzake.

Kwa maoni yangu, riwaya ile inamsamehe mama upesi mno. Dada anamkumbatia, na yote yamekwisha. Mimi sikuombi hilo.

Siku ulipopokea matokeo ya darasa la saba tulikuwa wodini, mdogo wako akiongezewa damu. Ulifika na sare yako ya shule, ukatutazama, ukaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Niliikuta wiki mbili baadaye nilipokuwa nikifua, imeshalowa na maandishi yamefutika, nikaitupa bila kukwambia neno. Mpaka leo sijawahi kukuuliza ulipata ngapi.

Nakuuliza sasa, mwanangu. Ukija, nieleze somo moja moja, nami nitakaa nikusikilize.

Mama yako