Barua kwa mwanangu: usiichoke Sanchin

Mwanangu,

Unalalamika kwamba mwalimu wako wa karate anakurudisha kwenye Sanchin kila siku, kata (mfuatano wa miondoko iliyopangwa) ileile, na marafiki zako wa mitindo mingine wameshafika kata ya tatu. Mwalimu wako yuko sahihi. Kule Naha, Okinawa, Japani, husimuliwa kuwa mwalimu Higaonna Kanryo aliwashikilia wanafunzi kwenye Sanchin miaka 3 kabla ya kuwapa kata nyingine. Mwanafunzi wake, Miyagi Chojun (1888–1953), ndiye mwasisi wa mtindo wa karate wa Goju-ryu. Go ni ugumu, ju ni ulaini, ryu ni mkondo, kama wa maji. Jina limetoka kwenye mstari wa maandishi ya kale ya Kichina unaosema kuvuta na kutoa pumzi ndiko ugumu na ulaini. Ngumi haikutajwa hapo.

Anza na miguu. Upana ni wa mabega. Kisigino cha mguu wa mbele kiwe usawa mmoja na ncha ya kidole gumba cha mguu wa nyuma, vidole vya mguu wa mbele vikitazama ndani kidogo. Kunja magoti kiasi, kisha ingiza makalio chini ya kiuno. Wengi huyabinua, hapo mgongo unapinda na ukisukumwa kifuani unayumba. Viwiko viwe ngumi moja kutoka mbavuni, ngumi zifike usawa wa mabega. Ukipiga hatua, mguu uchore mwezi mchanga sakafuni, kichwa kisipande wala kushuka.

Pumzi ivute kwa pua, uishushe chini ya kitovu, uitoe kwa mdomo ngumi inapokwenda, na zote mbili zikome pamoja. Usiimalize yote; bakiza kidogo, maana aliyekauka pumzi akipigwa tumboni hana cha kujikingia. Ule mngurumo unaousikia kwa wakubwa usiuige. Ukibana koo, mishipa ya shingo inatutumka, uso unaiva, presha inapanda, na wapo wanaoona kizunguzungu. Ukihisi hivyo, simama, pumua kawaida.

Mwalimu akikupiga makofi ya mabegani na mapajani, hakuadhibu. Anatafuta palipolegea, na vilevile mabega yaliyopanda. Kukaza si kukakamaa: kaza tumbo, makalio na misuli ya chini ya kwapa, uso uwe umetulia.

Umeuliza pia kuhusu chi-ishi, lile jiwe la mazoezi lenye mpini. Tengeneza mwenyewe: kopo, zege, na mti mkavu uliopigiliwa misumari upande unaozama, la sivyo mpini utachomoka hewani. Kopo la lita 1 likijaa lina kama kilo 2 na nusu, linakutosha. La lita 4 linakaribia kilo 10, na kwa kuwa uzito wote uko mwishoni mwa mpini, kifundo cha mkono ndicho kitakacholipa. Liache zege likauke wiki nzima kabla hujalinyanyua.

Baba yako