Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu za chama mtasomewa na Mweka Hazina. Mimi nitajikita katika kazi iliyotuchukulia nguvu nyingi mwaka huu, yaani kupanga nyimbo za kwaya ili zipigwe na kikundi chetu cha matarumbeta.

Tenzi za kawaida hazikutusumbua, kwa kuwa sauti nne za kwaya zinaingia vizuri katika matarumbeta mawili, tromboni na tuba. Ugumu ulijitokeza tulipofika kwenye Ave verum corpus, wimbo wa Kilatini kuhusu mwili wa Kristo aliyeteswa msalabani, ambao mtunzi Mozart aliutunga mwaka 1791 kwa ajili ya kwaya, ala za nyuzi na ogani. Ni mfupi, vipimo 46 tu, lakini mwendo wake ni wa polepole, na waimbaji wanapovuta pumzi, ala za nyuzi huendelea kushikilia sauti. Sisi sote tunapuliza, hivyo tukipumua kwa pamoja wimbo unakatika. Kamati ya Muziki ikaamua kwamba tuba na tromboni zipumue kwa kupokezana, hata katikati ya nota ndefu, na ikaupandisha wimbo kutoka ufunguo wa D hadi ufunguo wa E flati, ambayo ni nyepesi zaidi kwa vidole vya wapigaji wetu.

Nilisisitiza pia, ingawa baadhi yenu mliona ni usumbufu, kwamba maneno yaandikwe chini ya nota za kila chombo. Tarumbeta halitamki neno, lakini mpigaji anayejua kwamba hapa yanatajwa mateso ya Bwana hataigonga nota hiyo kwa ulimi kana kwamba anaongoza gwaride.

Limebaki suala la kusoma nota. Desturi ya Ujerumani, iliyoenezwa na Mchungaji Johannes Kuhlo, ni kusoma nota kama inavyosikika, kwa hiyo hata mwenye tarumbeta la B flati (ambalo nota yake ya C husikika kama B flati) hutumia kitabu kilekile cha mpiga ogani. Wenzetu waliofunzwa katika bendi za jeshi husoma nota iliyoandikwa hatua moja nzima juu ya ile inayosikika. Ndiyo maana kila wimbo tunauandika mara mbili, na karatasi zikichanganyika mazoezini hutoka kelele ambayo hata watoto wa shule ya Jumapili huikimbia.

Kamati inapendekeza wanafunzi wapya wote wafundishwe njia ya Kuhlo, na wakongwe waendelee na nakala zao. Walimu wetu hawajakubaliana juu ya hili, hivyo naomba mkutano huu upige kura kabla mazoezi ya Pasaka hayajaanza.